Mtoto Aliyekua Sandukuni

Sehemu ya Saba

Kezia Monari amefungiwa stoo na mama yake mzazi, na leo Ijumaa ni siku ya kumi na moja. Asipofika chuoni Jumatatu, jina lake linafutwa.

Hapo ndipo tulipofika. Mlango wa bati, kufuli la nje, dirisha moja la nondo linalotazama ua wa jirani. Na huko nje mama mtu anamwambia mzee wa kanisa: "Mtoto wangu amerukwa na akili. Kama huamini, soma mwenyewe." Kisha daftari likasikika likifunguliwa.

Kama ulikuwa shambani wiki hizi zote, nitakueleza upesi. Kezia ni mwanafunzi wa chuo kikuu, mwaka wa tatu, na somo lake ni saikolojia. Mwaka huo wa 1996 wanafunzi waligoma, chuo kikafungwa, kila mmoja akarudishwa kwao na amri ya kwenda kwa chifu kila Jumatano kuweka sahihi, serikali ijue ametulia. Kezia akarudi Migori mjini, dukani kwa baba yake anayeuza majembe na mbegu.

Alirudi na vitabu viwili vinene. Kimoja cha ukuaji wa mtoto, tangu tumboni hadi ndevu. Cha pili cha maradhi ya akili. Na mhadhiri alimpa kazi: mtafute mtu mmoja mwenye shida ya akili, msikilize, andika maneno yake kwa lugha yake, kwa "mimi", kama alivyoyatamka. Kurasa za kushoto ziwe za mgonjwa. Kurasa za kulia ueleze wewe, kwa Kiingereza, na kila karatasi iandikwe upande mmoja tu.

Kezia aliandika. Mama yake akalikuta daftari akifagia. Kufuli likafuata.

Sasa Kezia aliweka jicho kwenye tundu la msumari mlangoni. Aliona kiti, mguu wa Mzee Kerosi, na daftari juu ya goti. Kerosi alikuwa mzee wa kanisa la Wasabato, fundi wa cherehani siku sita na mtu wa Mungu siku ya saba. Alisoma Kigusii cha Kezia polepole, kama asomavyo Zaburi.

"Mwanangu sasa ana miaka tisa. Asubuhi ananiita kutoka darini. Ananiambia kaptula inambana kiunoni. Namwambia vumilia, Januari nitakununulia nyingine."

Akavua miwani, akaipangusa, akairudisha.

"Dada Phelesia, Kezia ana miaka mingapi?"

"Ishirini na miwili."

"Toa tisa."

Phelesia hakutoa.

"Inabaki kumi na mitatu," akasema Kerosi. "Mtoto huyu yuko wapi?"

"Hakuna mtoto, mzee. Ndiyo nakwambia ameugua."

"Ameugua, au alizaa akatupa? Maana hayo ni mambo mawili, dada. La kwanza tunaliombea. La pili tunaliita mbele ya kanisa."

Kezia akapiga bati kwa kiganja. "Mzee Kerosi, sijawahi kuzaa. Hayo ni maneno ya mgonjwa wangu. Ni kazi ya chuo."

"Mgonjwa gani?"

Kezia akatafuta njia ya kando. "Soma ukurasa wa kulia. Nimeeleza kila kitu huko."

Karatasi zikageuzwa.

"Wa kulia haupo, mwanangu."

"Geuza mwingine."

"Nao haupo. Zote zimeraruliwa. Imebaki nyuzi tu."

Kezia akateremka taratibu mpaka akakaa juu ya gunia la mbegu za mahindi. Kwa siku kumi na moja alikuwa akiamini mama yake amesoma daftari, hakuelewa, akaogopa. Kosa la mtu asiyesoma. Litarekebishika.

Lakini mtu asiyeelewa hararui kurasa za kulia tu na kuacha za kushoto. Phelesia alifika darasa la nne. Kiingereza chake kilitosha kusoma maandishi ya gunia la mbolea. Hakuhitaji kujua kurasa za kulia zinasema nini. Alizitambua za kushoto.

Yalikuwa maneno yake mwenyewe.

Ndiyo, msomaji. Mgonjwa wa Kezia ni mama yake. Ukisema ulijua tangu mwanzo, hongera, Kezia hakujua kwamba mama anajua.

Nje, Kerosi alikuwa amekwisha kata shauri. "Kuna ndugu yuko Rangwe, ana boma la maombi. Wagonjwa hukaa mwezi mmoja. Hufungwa kamba mikononi, lakini ni katani laini, haichubui. Nitamtumia habari aje na pickup yake Jumanne."

"Asante, mzee," akasema Phelesia.

"Usimpe vitabu."

"Nimevitoa."

* * *

Saa kumi jioni, kabla jua halijashuka na Sabato kuingia, kufuli lilifunguliwa kidogo. Sahani ya ugali wa wimbi na mboga ya chinsaga ikapita, na nyuma yake Phelesia mwenyewe. Alikuwa mwanamke mfupi, mpana, kiongozi wa akina mama wa Dorkasi, kikundi cha misaada cha kanisa, mtu ambaye mjini Migori hakuwahi kudaiwa wala kusengenywa. Alifunga mlango kwa mgongo wake.

"Kula."

"Mama, zile kurasa umezipeleka wapi?"

"Jikoni. Zimeivisha hiyo mboga."

Kezia aliitazama sahani. "Umemwacha Mzee Kerosi afikiri nilizaa nikatupa."

"Hilo sikulitaka. Nitalirekebisha. Nilitaka afikiri unaumwa."

"Na wewe ndiye unayeumwa."

Phelesia hakukasirika. Angekasirika ingekuwa rahisi. Alivuta debe, akakaa, akaweka mikono mapajani.

"Tulikuwa tunachambua mboga," alisema. "Ukaniuliza, mama, Jeremiah alikuwa mtoto wa namna gani? Tangu tumzike ndugu yako Homa Bay, akiwa na miezi saba tu, hakuna aliyewahi kunitajia jina lake. Baba yako alikataza. Kanisa lilisema amelala, basi. Wewe ukauliza. Nilifurahi, Kezia. Nikasema, huyu binti chuo kimempa moyo. Nikakwambia jinsi alivyotambaa, jinsi alivyosema neno la kwanza, alivyoanza shule. Vitu sijamwambia mtu. Na wewe ulikuwa ukiniuliza, na jino je, na kusoma je, na usiku hulala vipi. Nikaona ananipenda mtoto wangu, anampenda na ndugu yake. Kumbe una daftari chini ya leso."

Kezia akainamisha uso. Kila neno lilikuwa kweli, pamoja na leso. Alikuwa amekaa na vitabu viwili, akaona kitu ambacho hakuna mwanafunzi wa darasa lake angepata: mtoto aliyekufa na miezi saba, lakini akaendelea kukua kichwani mwa mama yake, hatua kwa hatua, kama jedwali la kitabu. Alitembea kwa wakati. Aling'oka meno kwa wakati. Kezia hakulia siku ile. Alifurahi. Alijua atapata alama za juu kabisa.

"Mle ndani uliniitaje?" akauliza Phelesia.

"Hatuandiki majina, mama. Ni siri ya mgonjwa."

"Nakuuliza uliniitaje."

"Bibi P."

"P." Phelesia akalionja. "Kama alama ya gunia."

"Mama, nifungulie. Jumatatu chuo kinafunguliwa. Bila sahihi ya chifu siwezi kupokelewa, na Jumatano mbili sijaenda. Wakinifuta ndiyo basi."

"Kitafungwa tena. Vyuo vyenu hufungwa kila mkigombana na chakula."

"Watanifuta, mama."

"Sikiliza wewe sasa, na usiandike." Phelesia akashusha sauti. "Unamjua Bathsheba?"

Kezia alimjua kwa jina tu. Mke wa kwanza wa baba yake, kabla baba hajabatizwa.

"Alianza kuzungumza na kuku. Hakuna baya alilofanya, alizungumza na kuku tu. Baba yako akamrudisha kwao na blanketi moja, na wale watoto wake wawili hakuwaona tena mpaka alipokufa. Baba yako si mtu mbaya. Lakini kitu hicho anakiogopa kama moto. Daftari lile lingesomwa, mtu mmoja katika nyumba hii lazima awe na wazimu. Ama mimi, ama wewe. Nikapima. Wewe ni msichana, umesoma sana, watu watasema vitabu vimempanda kichwani. Utaombewa, utapona, utaolewa. Wazimu wangu mimi hautapona."

"Kuna madaktari, mama. Kuna dawa. Ungepona."

"Hujanielewa. Hautapona kwa sababu sitaki upone. Nikipona, mtoto wangu anakwenda wapi?"

Alisimama, akachukua sahani ambayo haikuguswa, akatoka. Kufuli likalia mahali pake.

* * *

Jumamosi nyumba nzima ilikuwa kanisani. Baba, Monari, alikuwa Ogwedhi tangu Alhamisi kununua mbuzi mnadani, Sabato ikamkuta huko, na Msabato wa kweli hasafiri Sabato. Duka limefungwa, ua kimya.

"Kezia, uko hai?"

Sauti ilitoka dirishani. Ilikuwa ya Kaltum, mfanyabiashara wa nguo wa duka la pili, mjane wa Kiislamu kutoka Isiolo, aliyehamia Migori miaka saba nyuma na kujua habari za kila mtu kabla ya mwenyewe. Alisimama juu ya kreti ya soda ili uso ufike kwenye nondo.

"Niko, Mama Kaltum."

"Basi zungumza, usilie. Nimepanda hapa na magoti yangu haya, sina siku nzima. Wanasema umeona jini."

"Sijaona jini."

"Nilijua. Ungeona jini ungenyamaza. Wewe siku tatu za kwanza ulipiga kelele kama mtu aliyeibiwa." Akasogeza uso. "Sasa niambie jambo moja. Mama yako ana mjukuu?"

"Kwa nini?"

"Kila Januari ananunua kwangu nguo za mtoto wa kiume. Miaka saba sasa. Tulianza na zile suruali za mpira kiunoni, tukaenda kaptula za nasari, sasa ni sare ya shule, kaki, na namba inapanda kila mwaka. Mwaka huu alizirudisha akataka kubwa zaidi, akasema zinambana. Nikajiambia, labda kuna mtoto kijijini. Mimi siulizi ya watu."

"Hukumwambia mtu?"

"Nimwambie nani? Mteja anayelipa haulizwi ana watoto wangapi." Kaltum akatazama nyuma yake, akarudi. "Jana nimemsikia mzee wenu akisoma. Bati halina siri. Kaptula inambana kiunoni. Nikasema, wallahi, hiyo kaptula naijua, nimeiuza mimi."

Kezia akazishika nondo. Hapo palikuwa na mlango wake wa kutokea, wazi kabisa, umesimama juu ya kreti ya soda. Shahidi. Na nguo zenyewe zimo kwenye sanduku la bati chini ya kitanda cha mama, alizionyeshwa mwenyewe siku ile ya kuchambua mboga. Neno moja tu.

"Nimemwendea naibu wa chifu," akasema Kaltum. "Ojijo. Nikamwambia mwanafunzi wako ndiye yule aliyefungiwa, utajibu nini wakubwa wakiuliza? Amesema kesho saa nne, akitoka misa ya kwanza, atakuja na fomu yako. Baba yako naye atakuwa amefika."

"Mama Kaltum, usiseme habari za nguo."

"Wewe unataka kufungwa kamba Rangwe?"

"Nakuomba."

Kaltum alimtazama muda mrefu kuliko desturi yake. "Sitasema nisipoulizwa," alisema mwishowe. "Lakini nikiulizwa, mimi siapi uongo, hata kwa ajili ya mtoto wangu wa tumbo."

Akateremka, kreti ikalia, akaondoka.

* * *

Jumapili saa nne kufuli lilifunguliwa wazi, na Kezia akatolewa uani kama mbuzi wa mnadani. Siku ya kumi na tatu. Jua lilimchoma macho akayafumba.

Alipoyafumbua aliwaona wote. Baba yake Monari, buti zina tope la Ogwedhi, hata chai hajanywa. Mzee Kerosi na daftari. Kaltum kwenye ua wake, anaanika kitambaa ambacho tayari kilikuwa kikavu. Mama yake kwenye mlango wa jikoni, mwiko mkononi. Na katikati, juu ya kiti kizuri cha sebuleni, Ojijo, naibu wa chifu, mwenye kofia ya kazi kichwani, na gotini mfuko wenye muhuri na kidau cha wino.

"Nyar Kisii," akasema Ojijo, ndivyo Wajaluo wa mji huo walivyowaita mabinti wa Kisii, "wewe ndiye uliyenitoroka Jumatano mbili?"

"Sikutoroka, mzee. Nilifungiwa."

"Wote hufungiwa. Wa wiki jana alifungiwa na malaria." Akafunua fomu. "Mwanafunzi ametulia? Ameweka sahihi? Anafaa kurudi? Hayo matatu tu ndiyo serikali inauliza. Unafaa?"

"Ninafaa. Mimi ni mzima. Najua leo ni Jumapili, najua niko Migori, najua ninyi ni akina nani."

Ojijo akamgeukia Kerosi. "Umesikia? Mtu mwenye akili zake anaanza kukutajia siku bila kuulizwa?"

"Hivyo ndivyo wanavyopima hospitalini," akasema Kezia.

"Na hospitali wanampima nani?"

Kaltum akacheka peke yake, akajifanya anakohoa. Kezia aliona jinsi mtego ulivyo: akinyamaza ni mgonjwa, akijieleza ni mgonjwa zaidi. Kitabu chake kilikuwa na sura nzima juu ya jambo hilo, na aliufaulu mtihani wake.

Lakini Ojijo hakuwa mjinga. Alichukua daftari, akalipindua, akaligonga kwa kidole.

"Mimi Kikisii sisomi. Mzee hapa amenitafsiria. Kuna mtu humu anazungumza na mtoto ambaye hayupo. Wewe unasema si wewe, ni kazi ya shule. Mimi nina binti sekondari, najua kazi za shule. Basi ni rahisi. Nitajie mwenye maneno haya. Nikimjua, naweka sahihi sasa hivi, jioni unapanda basi, kesho uko chuo. Ni ya nani?"

"Sema, Kezia," akasema Monari. Sauti yake ilikuwa kavu. "Ni mtu wa nje, au ni mtu wa nyumba hii?"

Kezia alimtazama mama yake. Alitaka kuona kama kuna ombi usoni, au kitisho, kitu chochote cha kumsaidia kuamua. Phelesia hakuwa akimtazama yeye. Alikuwa ameinua uso, anatazama ukingo wa paa, kichwa kimelala upande kama mtu anayeitwa kutoka mbali. Midomo yake ikachezacheza. Kezia aliisoma kutoka pale alipo: *Ngoja. Kuna wageni.*

Mbele ya wote. Saa nne asubuhi. Mtu yeyote angegeuza shingo tu, angeona. Na Monari tayari alikuwa anaanza kugeuka, kufuata macho ya binti yake.

"Ni yangu," akasema Kezia kwa nguvu.

Vichwa vyote vikarudi kwake.

"Ni yangu. Niliona haya nikasema ni kazi ya chuo. Namsikia mtoto. Ni mimi."

Mzee Kerosi akafumba macho, midomo ikaanza kuomba. Monari akakaa chini kwenye ngazi ya duka, polepole, kama mzee wa miaka tisini. Kaltum akakitupa kitambaa, akageuza uso.

Ojijo alimkazia macho. Nadhani hakuamini. Lakini naibu wa chifu hulipwa kwa kuandika anachoambiwa. Akatoa kalamu ya bluu, akaandika kwenye nafasi ya tatu, nakala mbili: *Hafai kurudi. Ugonjwa wa akili.* Akafungua kidau, akagonga muhuri. Mara moja, mara mbili.

Ilikwisha. Kezia aliusikia mlio wa muhuri, na bado, msomaji, alikuwa na kitu kama furaha. Alikuwa ameiba maneno ya mama yake, sasa ameyalipia. Angeweza kuishi na hilo.

Ojijo akaanza kukusanya vyombo vyake. Alikuwa baba, na moyo haukuwa mgumu. Akataka kuondoka na neno jema, kama mtu anayeaga wafiwa.

"Basi, nyar Kisii, usijali. Na huyo mtoto wako, anaendeleaje?"

Ilibidi ajibu. Uongo ukishasimama lazima ulishwe. Kezia akakimbilia kitu cha karibu kichwani, na kitu cha karibu kilikuwa kitabu: ukuaji wa mtoto, jedwali la miaka tisa.

"Anaendelea vizuri. Meno ya utoto manane yameshang'oka."

"Saba," akasema Phelesia.

Hakupaza sauti. Alisema kama mama anavyomsahihisha mtu aliyekosea jina la mtoto wake.

Kerosi akafungua macho, akafunua daftari, akapitisha kidole. "Hapa imeandikwa sita."

"Hiyo ni ya mwezi uliopita," akasema Phelesia. "La saba limetoka Alhamisi. La nane linatikisika, lakini anaogopa kulivuta."

Kisha akasikia alichosema. Mwiko ukashuka mkononi.

Ndiyo hivyo. Angeweza kumfunga binti yake siku kumi na tatu. Angeweza kudanganya mzee wa kanisa, kuchoma kurasa, kumwacha mtoto aende kufungwa kamba. Yote hayo aliyaweza. Kusikia mtu akimtia mwanawe jino lisilo lake, hilo hakuliweza.

Monari akasimama. "Saba nini?"

Akamkaribia mkewe.

"Mama Kezia. Nani ana meno saba?"

"Yamepungua saba," akasema Phelesia, na macho hakuyainamisha. "Ni Jeremiah."

Jina hilo halikuwa limetajwa mbele ya Monari kwa miaka tisa. Alilipokea kama kofi. Akageuka kwa Kaltum. "Jirani. Wewe unajua jambo?"

Kaltum alikuwa ameulizwa. Akasema ukweli, kwa sauti ndogo isiyo yake, namba kwa namba, Januari kwa Januari.

Kezia akamkimbilia Ojijo, akamshika mkono wenye mfuko. "Mzee, umeona sasa. Si mimi. Irekebishe."

"Fomu ni moja kwa kila mwanafunzi."

"Kata maneno, uandike juu yake."

"Nikikata juu ya muhuri, mimi ndiye nitakayejibu." Ojijo hakumtazama. "Naweza kuandika barua. Posta inafunguliwa kesho."

"Kesho ndiyo siku ya mwisho."

"Najua, nyathina," akasema, mwanangu kwa lugha yake, akajinasua taratibu, akaenda zake.

Monari alikwishaingia ndani. Alitoka na sanduku la bati, akalipeleka nyuma ya choo, na hakuna aliyethubutu kumfuata ila Kerosi. "Ndugu, ngoja kwanza tuombe." "Omba wewe," akasema Monari. Mafuta ya taa yakanuka. Moshi ukapanda, mweusi kwanza, kisha mweupe, moshi wa nguo ambazo hazikuvaliwa na mtu.

Phelesia hakupiga yowe. Alisimama tu, kichwa upande, akisikiliza.

Monari aliporudi alikuwa na masizi mpaka kwenye nyusi. Akamwelekezea mkewe mlango wa stoo. Phelesia akaingia mwenyewe. Kezia alipojaribu kupita upande wa barabara, baba yake akamshika bega, akamwingiza pia.

"Baba, mimi si mgonjwa. Umesikia kwa masikio yako."

"Nimesikia ukisema ni yako. Kisha nimesikia si yako. Mtu mzima wa akili angesema lipi?" Akatoa kufuli mfukoni. "Ile pickup ya Rangwe inachukua mgonjwa mmoja. Jumanne ikifika, mmoja apande, mwingine arudi Kisii kwa wakwe zangu na blanketi. Nani apande, amueni wenyewe."

Mlango ukafungwa, na safari hii ndani walikuwa wawili.

Kezia alikuwa amepoteza siku kumi na tatu, na nafasi ya chuo aliyoisomea miaka kumi na mitano tangu darasa la kwanza. Phelesia amepoteza ndoa ya miaka ishirini na mitatu, na kiti chake cha Dorkasi, na nguo za Januari zote hizo. Alikaa juu ya gunia la mbegu, uso ameuinua kwenye mabati. Alikaa hivyo tangu saa sita mpaka saa kumi na moja jioni, na kutoka darini hakuitwa hata mara moja.